Goreth Nahimana, Mpiga Shabaha wa Point

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa mtaa huu wa Point, Durban, wenzake wa kazini Clairwood, na nyinyi wa klabu ya shabaha mliokuja na kofia zenu mkazivua mlangoni, familia imemtuma Israël, mdogo wake Josias mume wa marehemu, asimame mbele yenu awasomee maisha ya shemeji yake, na ameombwa asome polepole, jambo ambalo marehemu mwenyewe asingelivumilia.

Goreth Nahimana alizaliwa tarehe 11 Februari 1976 mjini Uvira, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mwalimu Vénérand Nahimana na mama Marie-Louise, na mama huyo alikuwa akisimulia kwamba mtoto wake, siku chache tu baada ya kujua kutembea, alitoka nje ya ua peke yake, akatafutwa na mtaa mzima, akakutwa sokoni kwa muuza chumvi, hana viatu, wala halii. Shule ya msingi alisoma Uvira kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, ya sekondari akasoma hapo hapo, upande wa biashara, akapata diploma ya serikali mwaka 1995, ingawa walimu hawakuchoka kumwambia baba yake jambo lile lile, kwamba binti ana akili, ila hakai kwenye kiti.

Vita vilipoingia mjini mwezi Oktoba 1996, Goreth alivuka ziwa pamoja na dada zake wawili mpaka Kigoma, akakaa kambini mpaka akashindwa, akaenda Dar es Salaam, akafanya kazi ya kuwakatia abiria tiketi kwenye ofisi ya mabasi huku akiyatazama mabasi yale yanaondoka bila yeye, na hatimaye akapanda mojawapo, akapita Msumbiji, akaingia Durban tarehe 3 Machi 1999 na begi moja la mgongoni. Hapa mjini alilinda magari ya watu kandokando ya bahari, akaacha, akasuka nywele saluni, akaacha, akauza simu, akaacha, na vyumba alihama hivyo hivyo, mpaka rafiki zake wakajifunza kumpigia kwanza na kuuliza siku hizi analala wapi, ndipo wafunge safari ya kwenda kumsalimia.

Josias, seremala kutoka Fizi, alikutana naye kwenye kwaya ya kanisa hili, ambako Goreth alikuwa akiimba sauti ya pili Jumapili moja na sauti ya kwanza Jumapili nyingine, wakafunga ndoa tarehe 5 Agosti 2000, na Mungu akawajalia watoto watatu, Cathy aliyezaliwa mwaka 2001, Pacifique mwaka 2004, na Gracieuse mwaka 2010. Josias ni mtu wa kukaa, nyinyi mnamjua, akishika ubao mmoja asubuhi unamkuta nao jioni, naye alizoea kurudi nyumbani akakuta kabati limehamia ukuta mwingine, kitanda kimegeuzwa, na mke wake anakula amesimama mlangoni, sahani mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Mwaka 2006 aliajiriwa katika kampuni ya malori Clairwood, kwanza kupokea simu, na kuanzia mwaka 2011 kusimamia safari, kujua lori gani liko bandarini, lipi limekwama barabara ya Johannesburg na dereva yupi amezima simu makusudi, kazi ambayo hatimaye ilimweza, maana ilikuwa haitulii kama yeye. Huko ndiko alikokutana na Jaffer, mkuu wa karakana, mzaliwa wa Durban ambaye mababu zake walitoka Afrika Mashariki, na Jaffer alikuwa mwanachama wa klabu moja ya shabaha, njia ya kwenda Cato Ridge.

Jumamosi tarehe 16 Machi 2013 Jaffer aliwapeleka wafanyakazi wenzake huko kujaribu. Mashine hurusha sahani ndogo za udongo, na mpigaji, mwenye bunduki ya marisau begani, huzivunja angani kabla hazijaanguka majanini. Goreth alizikosa karibu zote, bega likamvimba, wenzake wakaenda kwenye nyama choma, yeye akabaki, akaomba sahani nyingine, na nyingine, mpaka moja ikapasuka juu kabisa ikawa vumbi. Jaffer anasema kwamba alimtazama usoni wakati ule akamwona ametulia, mara ya kwanza tangu amjue, na ule utulivu ukaisha pale pale, kwa sababu kabla hata hajashusha bunduki alikuwa ameshauliza, "Tunarudi lini?"

Walirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Baada ya mwaka mmoja sahani hazikumtosha, akaingia mchezo wa bunduki tatu, ambao mshindani hukimbia kutoka kituo hadi kituo, hapa anatumia bastola, pale bunduki ndefu, kule ile ya marisau, saa inamhesabia, na msimamizi anakimbia nyuma yake kuangalia kwamba mdomo wa silaha haugeuki hata kidogo kuelekea walipo watu. Alitumia silaha za Jaffer, chini ya macho ya Jaffer, maana hakuwa na kibali chake mwenyewe, na mwaka 2014, akiwa tayari na kitambulisho cha mkaazi wa kudumu, aliomba.

Hapa familia imekubaliana isifiche kitu, na Josias mwenyewe ndiye aliyetaka isemwe. Mwaka 1996, huko Fizi, watu wenye bunduki walimchukua baba yake mchana, mlangoni pake, mbele ya watoto, na hakuonekana tena. Kwa hiyo polisi walipomwita Josias, kama wanavyomwita mume au mke wa kila anayeomba, wakamuuliza kama anakubali silaha ilale nyumbani kwake, alisema hapana, ombi likakataliwa, na jioni ile alimwambia mke wake wazi, "Mama Cathy, nimewaambia hapana. Mimi siwezi kulala nyumba moja na kitu kile." Goreth alikuwa anaosha vyombo. Akasema, "Sharp, sawa. Basi nitaendelea kuazima." Hakupiga kelele, ila usiku huo makabati yote ya jikoni yalibadilishwa mahali, na kwa miaka miwili Jumamosi zilipita hivyo, yeye akitoka alfajiri bila kuaga, Josias akibaki na watoto na kuwaambia mama yenu amekwenda kazini, na nyumba ile ikawa na ukimya ambao hata watoto waliukwepa kwa kwenda kucheza kwa majirani.

Jumamosi tarehe 22 Oktoba 2016 gari la Jaffer liliharibika, likabaki lile la Josias la kubebea mbao, na Josias akampeleka mwenyewe, akakaa ndani ya gari, vioo vimefungwa, mpaka joto likamtoa. Alipofika kwenye kamba ya watazamaji, zamu ilikuwa ya mke wake, na watu walikuwa wakisema kwamba mama huyu akimaliza vizuri kituo hiki anawashinda wote siku hiyo. Alianza, akapiga, akakimbia, akageuka kuchukua kona, na kwa haraka ile ile iliyomtoa nje ya ua wa baba yake, mdomo wa bunduki ndefu ukapita mstari, nukta moja tu, ukaelekea upande wa watu. Msimamizi alipaza sauti, "Simama!" Goreth akasimama kama aliyegongwa. Akaambiwa atoe risasi, akatoa, aonyeshe kwamba silaha ni tupu, akaonyesha, aiweke mezani, akaiweka, na mashindano yake yakaishia hapo, mbele ya watu wote, bila kuumia mtu, bila kubishana.

Alilia ndani ya gari mpaka Pinetown, akipiga dashibodi kwa ngumi, akisema ni mjinga, haraka yake itamuua, hatarudi tena. Walipofika kwenye robot ya kwanza ya mjini, taa za kuongozea magari, Josias alisema, "Mama Cathy, kule nilikotoka, mtu akishika bunduki hakuna wa kumwambia simama. Leo nimeona mtu ameambiwa simama, akasimama. Tena ni mke wangu." Taa ikawaka kijani, magari ya nyuma yakapiga honi, wala hakuondoa gari. Jumatatu iliyofuata alikwenda mwenyewe kituo cha polisi kuuliza ombi linaanzaje upya, na tarehe 7 Juni 2017 Goreth akapata kibali, na kasha la chuma likafungwa kwenye ukuta wa chumba chao, mahali alipochagua Josias, na hicho ndicho kitu pekee katika nyumba ile ambacho Goreth hakuweza kukihamisha.

Tangu hapo Josias alikwenda naye, na kiti chake na chupa yake ya chai. Mwaka 2019 Goreth alikuwa wa kwanza kwa upande wa wanawake katika mashindano ya klabu za jimbo, akapewa kikombe, akakitumia kuwekea vijiko, na njiani akirudi alikuwa anazungumzia makosa tu. Watu wengine wakishinda hulala vizuri. Yeye alikesha.

Jumatatu tarehe 12 Julai 2021, siku zile maduka ya mji yalipokuwa yakivunjwa na waporaji, moshi umetanda mpaka bandarini, wapangaji wa jengo lao walikusanyika langoni na mafagio na vyuma vya vitanda, na mzee Nasibu, mwenye duka la simu hapo chini, akapanda ngazi akamwambia mbele ya watu, "Eish, Mama Cathy, iko bunduki tatu mu nyumba yako, na sisi tunasimama na mafagio?" Goreth alizunguka chumba kile mara nyingi, watoto wanakumbuka, akafika kwenye kasha, akarudi, akafika tena. Kisha akatoka mikono mitupu akasema, "Papa, hizi nilipewa za mchezo. Nikizitoa leo kuwaelekezea watu, kesho sitaweza tena kuzitoa kwa ajili ya sahani." Alishuka akasimama langoni na wengine mpaka mambo yalipotulia, lakini duka la mzee Nasibu lilivunjwa, simu zote zikaenda, na mzee yule hakumsalimia kwa karibu mwaka mzima. Goreth hakuwahi kusema kwamba ana hakika alifanya sawa. Alirudia kumuuliza Josias, wakiwa wanakula, wakiwa njiani, katikati ya ibada, "Wewe ungefanyaje?"

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka 2010, alipokuwa mjamzito wa Gracieuse, na dawa alizimeza akitembea, nyingine akazisahau. Mwezi Juni 2022, akiwa kazini, jicho la kulia lilijaa damu kwa ndani, madaktari wakalishughulikia, lakini halikuona tena sawasawa, na kwa mpiga shabaha wa mkono wa kulia jicho hilo ndilo mlango wa kila kitu. Mzee Nasibu aliposikia alipanda ngazi tena, safari hii na mfuko wa machungwa, akakaa, wakazungumza habari za simu. Goreth alihamishia bunduki bega la kushoto. Jaffer alimwambia, "Anza kama hujawahi kushika," naye akaanza, akakosa kila sahani, akiwa na miaka arobaini na saba, akakasirika, akatupa kofia, akaiokota, na tarehe 18 Mei 2024 alishindana tena, bega la kushoto, jicho la kushoto, akatembea pale alipozoea kukimbia, akamaliza katikati ya orodha, wala hakuna aliyemwambia simama.

Miezi mitatu baadaye figo zilishindwa. Mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na familia inasema bila kutia chumvi kwamba hiyo ndiyo adhabu kubwa aliyopewa maishani, saa nne bila kuinuka, na wauguzi walimvumilia, maana alikuwa akitikisa miguu mpaka kitanda kinahama, akiwapigia madereva wake simu kuuliza wamefika wapi. Mzee Nasibu ndiye aliyempeleka na kumrudisha kwa gari lake kila Josias alipokuwa kazini. Mwezi Machi 2025, mikono ikianza kutetemeka, alimwomba Jaffer azipeleke silaha zote kwa muuzaji mwenye kibali, kabla mtu yeyote hajamshauri, na kesho yake akamlaumu Jaffer kwa kukubali upesi.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Septemba 2025 alizidiwa, akapelekwa hospitali, asubuhi akaomba kitanda kisogezwe dirishani, kikasogezwa, akaomba kirudishwe, kikarudishwa, na Josias akiwa amemshika mkono alifungua jicho lake moja zima akauliza, "Tunaenda?" Josias akasema, "Bado kidogo." Akakata roho saa tatu na nusu asubuhi, Jumanne hiyo, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, ameacha mume, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale wa mashine ambao hawakuchoka naye, inawashukuru wapangaji wa jengo, inamshukuru mzee Nasibu, ambaye hataki kutajwa na ametajwa, kampuni na madereva walioegesha malori yao leo ili wawe hapa, Jaffer na klabu yake, kanisa na kwaya, ambayo sasa ina nafasi mbili wazi, ya sauti ya kwanza na ya pili.

Goreth, Mama Cathy, umetoka kabla yetu tena, hukuaga vizuri. Pumzika kwa amani, na safari hii utusubiri.