Muhuri Kwenye Droo ya Juu

Wasikilizaji wapendwa, leo sipigi muziki wa kufungulia. Theluji imeanguka Minasawa tangu alfajiri, na Bi Orihara Mitsue hayupo wa kuifagia mbele ya ukumbi wa mtaa. Alifariki Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Aliishi peke yake.

Wengi mnamkumbuka kwa Jumanne zake. Alikuwa mshona magodoro, si mwanasheria. Lakini kila Jumanne ya kwanza ya mwezi alikaa ukumbini na birika lake la chai, akieleza mambo ya talaka kwa wanawake na wanaume wachache wenye haya. Nani apate nini katika nyumba. Matunzo ya mtoto yadaiwe wapi. Kwamba kudai mali kuna mwisho wake, miaka miwili, ukilala imekwenda.

"Muhuri wako wa jina, ule wa kugonga badala ya sahihi, umeuweka wapi, mama?" alikuwa akiuliza.

"Droo ya juu, kabati la vyombo. Si wa kumgongea mleta vifurushi?"

"Haya! Basi umeshaachika, hujaambiwa tu!"

Ukumbi mzima ulicheka. Nami nilicheka, nimekaa nyuma karibu na viatu mlangoni.

Yeye mwenyewe aliuweka muhuri wake droo ya juu. Ilikuwa mwaka 1984. Mumewe alimchukua binti yao, Chihaya, mwenye miaka minne, akampeleka kwa bibi yake Hokkaido, kaskazini mbali, eti akacheze theluji. Kama kwamba hapa theluji tunaazima! Kabla ya kuondoka alijaza fomu ya talaka, akaandika kwamba mtoto atabaki na baba, akagonga muhuri wa mkewe. Nirudie, maana vijana hawaamini: Mitsue hakuwepo, hakuulizwa, hakujua. Na siku hizo, baada ya talaka, mtoto alikuwa wa mzazi mmoja tu.

Karani wa ofisi ya mji aliipokea. Majina ya mashahidi wawili yapo, mihuri ipo. Karani huyo alikuwa na miaka ishirini na minne. Karani huyo ni mimi, Nagase, ninayezungumza nanyi.

Majuma mawili baadaye Mitsue alikuja dirishani kwangu kuchukua nakala ya daftari la familia, ya kumwandikishia mtoto chekechea.

"Mama, humu umeshatolewa," nikamwambia. "Mmeachana."

"Nani ameachana? Jana tu nimemtumia soksi za sufu!"

Nikamwonyesha fomu. Akautazama muhuri. "Huu ni wangu," akasema. "Mkono ndio si wangu."

Kulikuwa na karatasi ambayo angeijaza mapema, kuiambia ofisi isipokee talaka yoyote asipokuja mwenyewe. Hakuijua. Nami sikuwahi kumtajia mtu.

Mahakama ya familia ilichukua miaka miwili kuifuta talaka ile. Kisha wakaachana kweli. Nyumba waligawana vizuri, sina la kusema. Lakini mtoto alikuwa ameshazoea kule, akabaki kule. Mitsue alipeleka matunzo kila mwezi hadi binti alipofika miaka ishirini. Barua alizoandika zilirudi bila kufunguliwa.

Mdogo wake, Tadao, ameniambia hivi: "Kila mwaka mpya dada alipakua supu ya mochi, madonge ya mchele, bakuli mbili. Alikula moja, akiitazama ya pili mpaka ipoe, kisha akaila nayo."

Mimi na Mitsue je? Kila vuli aliniletea figili za kutia chumvi. "Kula, Nagase. Ulifanya kazi yako." Afadhali angenitukana. Nilikula figili zake miaka arobaini, na sikumwomba radhi hata mara moja. Niliona aibu, basi.

Jumamosi, mazishini, alikuja Chihaya. Tadao ndiye aliyempigia. Alikaa kando, na barua zile zilizorudi, alizopewa na Tadao, mapajani.

"Nilijua mama alinitupa," alisema. "Kila nilipolia, baba alinionyesha nakala ya fomu, akisema: 'Muhuri wa mama yako huu hapa, unalia nini?'" Kisha akauliza, "Nani aliipokea?"

Nikasema, "Mimi."

Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Ungempigia simu mama kumuuliza, ingechukua muda gani?"

Sikumjibu. Nimeishi na swali hilo tangu Jumamosi.

Kwa Bwana Tadao na jamaa wote wa Orihara, poleni sana. Mungu, mababu, na yeyote anayesikia wampe Bi Mitsue mahali penye watu. Nanyi mlio nyumbani, inukeni sasa hivi mkaangalie droo ya juu. Na wewe uliyekaa nyuma ya dirisha la ofisi yoyote, ukiletewa karatasi iliyokamilika, muulize mtu ambaye hakuja.

Kwako Chihaya, kama unasikiliza: dakika mbili. Simu ilikuwa mezani kwangu.