Neno Nililoliruka

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wanaoimba mbele, asifiwe pia na yule aliyekaa nyuma karibu na mlango. Huko nyuma ndiko nilikokaa mimi miaka mitatu, tayari kutoka kabla mtu hajaniuliza lolote. Leo nimekuja mbele na karatasi, kwa sababu nikisema bila karatasi nitalia na sitamaliza.

Ninaitwa Masika. Wengi wenu mnamjua mume wangu, Paluku wa malori, Mnande, mtu wa mashariki, mwenye sauti ndogo. Mimi ndiye mwenye sauti kubwa. Kiingereza nilikipata Kampala, baba alipokuwa akifanya biashara huko, na katika mji huu wa Kifaransa Kiingereza hicho kimenilisha. Nilikuwa na kiburi nacho! Mtu akikosea neno mbele yangu namsahihisha, hata kama tuko msibani.

Mnajua pia kwamba tulimzika mtoto. Josué, mvulana wetu, alikuwa na miaka kumi na tano. Niliwaambia wote, pamoja na baba yake aliyekuwa safarini, kwamba malaria ilimpanda kichwani ghafla. Baada ya mazishi nilifunga chumba chake, ufunguo nikaufunga ndani ya kitambaa cha kijani, nikauficha kwenye chungu nisichopikia. Mabinti zetu wawili wakawa wanalala sebuleni juu ya godoro, na chumba kizima kipo. Paluku aliuliza mara moja. Nilimtazama kwa namna ambayo hakuuliza tena.

Kila asubuhi, watu wote wakishatoka, nilisimama kwenye ule mlango nikasikiliza. Na sitawaficha, kulikuwa na kitu cha kusikiliza. Ukurasa unafunuliwa. Kimya. Halafu mwingine, taratibu, kama anavyosoma mtu asiyeelewa anachosoma. Nilikemea kwa jina la Yesu na kurasa zikaendelea! Nilikuwa nikitoka hapo jasho limenilowesha mgongo, naenda kazini.

Kazi yangu ilikuwa kwa familia ya Wachina wenye ghala la mabati, upande wa kwenda uwanja wa ndege wa Luano. Nilifundisha vijana watatu wa sekondari: Lan, msichana wa miaka kumi na sita, na binamu zake wawili. Masomo mengine waliyafuata kwa kompyuta, kwa Kichina. Mimi nilikuwa wa msamiati wa Kiingereza na kusoma kwa ufahamu, maana walijiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu nje. Lan alikuwa na nafasi moja tu ya kuufanya.

Niliandika ubaoni maneno kumi kila somo. Kila neno nililitolea sentensi moja ya mfano, hapo hapo, kutoka kichwani. Wao waliirudia mara tatu kwa sauti moja, wakaiandika. Kisha tukasoma habari fupi na kujibu maswali. Dirisha la chumba kile liliangalia ukuta, na nje mabati yalipopata jua yalilia, ngo!, kama mtu anayebisha. Wale vijana hawakugeuka. Waliniangalia mdomo. Mwaka mzima nilitoa sentensi, mia ngapi sijui, na sentensi ya mfano ni kama maji ya kunawa, ukishamwaga umesahau.

Siku moja niliwapa insha: "Nyumba ninayoijua vizuri." Nilianza na ya Lan kwa sababu mwandiko wake ni safi. Nawatafsiria kama ilivyokuwa.

"Ninaijua nyumba moja. Ina mlango usiofunguliwa. Ufunguo umelala ndani ya kitambaa cha kijani. Wasichana wawili wanalala sebuleni. Viatu vya mvulana vinangoja chini ya kitanda. Kila asubuhi mama anasimama mlangoni, anasikia kurasa. Mvulana alisema kichwa kinamuuma. Mama alimjibu: soma kwanza. Mvulana amemsamehe mama yake, lakini mama hajui, kwa sababu hajafungua."

Ndugu zangu, niliisoma tena tangu mwanzo! Lan hajawahi kufika kwangu, mtaa wa Bel-Air. Na ile "soma kwanza" hakuna aliyeijua chini ya jua, ila mimi na marehemu.

Maana ndivyo ilivyokuwa, na leo naitoa hadharani. Haikuwa ghafla. Siku moja kabla ya mtihani wake, asubuhi, Josué aliniambia, "Mama, kichwa iko inaniuma mubaya." Mimi, mwalimu, mwenye kiburi changu, nilimwambia asome kwanza, kisha tutaona. Saa sita nilimkuta amelalia kitabu. Hospitalini alikaa siku mbili.

Nilimuuliza Lan, "Nani alikuambia mambo haya?" Akaniangalia bila kupepesa, akasema, "Ni wewe, Madame." Nje bati likalia, ngo! Nikasikia ni pepo anayenidhihaki kwa mdomo wa mtoto. Nilichukua karatasi nikatoka bila kuaga.

Nilikimbilia chumba cha maombi kule mtaa wa Naviundu, kwa Mama Furaha, mwombezi wetu, yuko pale anatikisa kichwa. Nilimsomea insha kwa Kiswahili, lakini nilipofika kwenye viatu niliacha. Sikumsomea kurasa, sikumsomea "soma kwanza," sikumsomea msamaha. Akasema, "Masika, uyu mutoto anaingiaka mu nyumba yako na roho. Iko mulozi. Wambie wazazi wake. Na ile karatasi tutaichoma." Simlaumu. Mganga unayemwonyesha kidole atafunga kidole, hata kama kinachouma ni tumbo. Tulifunga siku tatu, na asubuhi ya nne nikasimama mlangoni. Kurasa zilikuwa zinafunuliwa.

Basi nikaenda ghalani kumshtaki Lan kwa mama yake. Mama yule hajui Kiswahili, hajui Kifaransa, hajui Kiingereza. Wa kututafsiria katika nyumba ile alikuwa mmoja tu, Lan mwenyewe. Nikasema binti yako anaingia nyumbani kwangu kwa njia mbaya, Lan akatafsiri. Nikasema sitamfundisha tena, hata mtihani ukiwa karibu, Lan akatafsiri. Mtoto alitafsiri mashtaka yake mwenyewe, hakuruka hata moja! Nikasema ni mchawi. Hapo alisimama. Neno hilo la Kiingereza hakulijua. Akaniomba niliandike ubaoni.

Nikaliandika. Mkono huu.

Alilinakili, akalitafuta kwenye simu yake, akalisoma. Nikaona uso wake unabadilika, polepole, na masikio yanakuwa mekundu. Kisha akamgeukia mama yake, akalisema.

Mama yule hakupiga kelele. Aliuliza kitu kifupi, na Lan akaingia ndani akarudi na daftari nene la jalada jekundu. Akalifungua mbele yangu. Kila neno nililowahi kufundisha lilikuwa na namba yake, na chini yake: "Madame alisema." Ukurasa baada ya ukurasa. Neno la mlango. Madame alisema: Nyumba yangu ina mlango usiofunguliwa. Neno la kijani. Madame alisema: Ufunguo umelala ndani ya kitambaa cha kijani. Neno la kungoja, viatu. Neno la kusikia, kurasa. Neno la "kwanza." Madame alisema: Mvulana alisema kichwa kinamuuma, mama akamjibu, soma kwanza.

Mimi! Ni mdomo wangu! Mwaka mzima nilikuwa nikiungama dhambi yangu mbele ya watoto watatu, kwa lugha ambayo nyumbani kwangu hakuna anayeijua, na wao wakairudia mara tatu kwa sauti moja, na mimi nikiwasahihisha matamshi. Wale vijana wamelelewa hivyo: sentensi ya mwalimu inashikwa yote kwa moyo, na siku ya mtihani unazipanga upya kuwa insha. Lan alikuwa amechagua tu zile za nyumba. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema. Mimi niliumbuliwa na msamiati.

Lakini sentensi ya mwisho, ile ya msamaha, sikuiona popote. Nilimuuliza, na sauti yangu kubwa haikuwepo. Akafunua kurasa mpaka kwenye somo moja, akaweka kidole kwenye neno la saba. Kusamehe. Chini yake hapakuwa na "Madame alisema." Palikuwa na nafasi tupu iliyopigwa mstari kwa rula, na ndani yake mwandiko wa penseli.

Akaniambia, "Siku ile Madame alikohoa, akaenda la nane. Nilingoja wiki nne. Halafu nikajaza mwenyewe."

Ndugu zangu, nilipiga magoti penye saruji ile! Nilimwomba Lan msamaha, akamtafsiria mama yake na hilo pia. Mama yule alinishika kwapani akaninyanyua, akanipa maji ya moto kwenye glasi, maji matupu, nikayanywa yote.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, nilimwambia Paluku. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kwa ile sauti yake ndogo, "Mutoto alikuambiaka kichwa inamuuma, na weye ukamutuma kusoma?" Nikasema ndiyo. Sitawadanganya, hakunikumbatia. Alitoka akaenda kukaa ndani ya lori lake, mlango wa lori umefungwa, muda mrefu sana. Mabinti wakaniuliza baba anaenda wapi, na lori halitembei. Aliporudi macho yalikuwa yamevimba. Akasema, "Leta funguo. Tufungule pamoja."

Tulifungua. Vumbi jekundu kila mahali. Viatu chini ya kitanda. Kwenye meza kitabu cha kusoma, kile alichokilalia. Nilikiacha wazi katikati, nakumbuka ukurasa, una alama ya mate yake. Nilikikuta kimefika mwisho, jalada la nyuma limeinuka. Paluku alisema ni upepo, na kweli dirisha lilikuwa wazi kidogo. Ni upepo. Nakubali ni upepo. Ila nilikibeba kifuani, nikasema, "Umemaliza, mwanangu. Pumzika." Tangu siku ile sijasikia ukurasa tena. Mabinti wanalala humo, na kelele zao zinanikera, Mungu asifiwe kwa kelele zao!

Mama Furaha alikwenda nami ghalani. Alimshika Lan mikono yote miwili akasema, "Mutoto wangu, tulikosa." Tangu hapo amekataza chumbani mwake neno la mchawi litamkwe juu ya mtoto yeyote. Mtihani wa Lan bado haujafika. Tunasoma kila siku. Somo la kwanza niliporudi, lile neno lilikuwa bado ubaoni, hakuna aliyelifuta. Nililifuta kwa kitambaa cha kijani, nikaandika lile la saba, nikatoa mfano wangu. Wakarudia mara tatu: "Mama aliomba kusamehewa, akafungua mlango."

Namshukuru Mungu aliyenipa mtoto wa watu wa mbali ajaze pale nilipoacha wazi. Namshukuru mume wangu, ambaye bado ana siku zake za kukaa ndani ya lori, na siku hizo nampelekea chai nakaa naye. Na wewe uliye nyuma karibu na mlango, mwenye neno lako unalolikoholea kila likikaribia, mwamini Bwana. Yule unayeogopa kumsikia huko ndani, huenda alishakusamehe zamani.

Kile kitambaa kiko hapa mkononi mwangu. Hakina kitu ndani, kina chaki tu. Anayekihitaji kufutia machozi, aje mbele akichukue.