Nani Anamlisha Twiga Nyama?

— Apa kwanza, Kasyoki. Apa kwa kaburi la Masila kwamba haya hayatafika kwenye benchi.

Kasyoki aliapa. Aliapa kwa kaburi la mumewe, akaongezea na la mama yake ambalo hakuna aliyeliomba. Ndipo Mwangangi akamnong'oneza kwamba lile gogo la mti wa mhugu halikumwangukia mguuni kama alivyotangaza. Ni gauti. Daktari alimpima damu, akamwambia aache nyama na pombe. Hiyo ilikuwa saa mbili asubuhi, wiki tatu zilizopita. Kabla ya saa tatu, birika la kahawa halijatoa hata mvuke, benchi zima lilikuwa limeshajua, na anayeuza mitumba ng'ambo ya barabara alishampa Mwangangi pole kwa ishara.

Benchi lenyewe liko Wamunyu, mbele ya karakana za wachongaji. Ni kiboko wa mti aliyepasuka tumbo kabla hajamalizwa kuchongwa, wakampindua, wakamkalia. Zamani mabasi ya watalii yalikuwa yakisimama hapo kwa foleni, na tezo za kuchongea zilikuwa nyingi mpaka watoto wachanga hawalali zikinyamaza. Siku hizi unaweza kuzihesabu tezo kwa sauti: moja, mbili, na ile ya tatu inapumzika sana. Waliobaki kwenye benchi ni wanne. Mwangangi huitwa Twiga kwa sababu kwa miaka arobaini hakuchonga mnyama mwingine. Muli huitwa Redio, na ukikaa naye utajua kwa nini. Bonface ni Simiti. Alifungasha simiti kiwandani Athi River mpaka akastaafu. Kasyoki ndiye mwenye birika la kahawa. Wanamwita Msasa, maana tangu usichana kazi yake ni kusugua vinyago vya wenzake mpaka ving'ae, na ulimi wake huwafanyia watu vivyo hivyo.

Ijumaa asubuhi, wiki tatu baadaye, mguu wa kulia wa Twiga ulikuwa juu ya kigoda, kidole gumba kimevimba na kung'aa kama kimepakwa rangi ya viatu. Kesho yake watu wa Ekalakala walikuwa wanaleta mbuzi wa ntheo, wale mbuzi ambao bila wao Mkamba hahesabiwi kuwa ameoa. Walikuwa wanamletea Ndanu, mjukuu ambaye Twiga amemlea tangu baba yake alipofariki. Na katika ukoo wao, mwenye boma hutoka kwa miguu yake mwenyewe mpaka langoni, akapokea kamba ya mbuzi kutoka kwa wakwe. Asipoweza, anashika nafasi mdogo wake wa Katangi, na huyo tayari alikuwa ameshanunua viatu.

— Tangawizi, limau, mchaichai, alisema Redio. Nilisikia kwa redio na haya masikio. Unachemsha dakika kumi, unakunywa kabla ya kuongea na mtu.

— Nilikunywa wiki ya kwanza yote, alisema Twiga.

— Na hukuongea na mtu?

— Niliongea na kuku. Alikuwa amepanda meza.

— Basi hapo ndio uliharibu.

Simiti akacheka, akaweka kikombe chini.

— Redio, wacha kusumbua mzee na majani. Twiga, daktari alisema kuna nini ndani ya hiyo kidole?

— Vichangarawe. Vidogo kama chumvi.

— Umeona! Changarawe, na maji, halafu inashika. Mimi nimekaa na simiti miaka thelathini. Ikishashika, hata uimwagie chai ya mfalme haitoki. Hiyo inataka siki.

— Siki nilikunywa wiki ya pili. Meno yakaingia ganzi.

— Si kunywa, mzee! Unaingiza mguu kwa ndoo ya siki, unalala nayo.

— Nilale na ndoo? Kitandani?

— Kwani nani yuko hapo wa kulalamika? alisema Msasa, na Twiga, aliyefiwa na mke miaka kumi iliyopita, akacheka mpaka mguu ukatikisika, akaguna kwa uchungu.

Redio hakutaka kushindwa.

— Kuna tunda nyekundu ya wazungu, inaitwa cheri. Wanasema inasafisha damu kabisa. Hapa hatuna, lakini siri si tunda. Siri ni ile wekundu. Kula bitiruti, kula nyanya, kula chochote nyekundu.

— Pilipili je?

— Hata pilipili.

— Na matofali?

— Msasa, mtu akiongea elimu wewe unaleta mchezo.

— Hakuna wekundu hapa, alidakia Simiti. Ni mlingoti wa simu. Kule Athi River tulikuwa tunajua: mguu unavimba ule umelalia upande wa mlingoti. Twiga ageuze kitanda tu.

— Niligeuza Jumanne, alisema Twiga polepole. Nikaamka sijui mlango uko wapi.

Walicheka. Twiga aliutazama mguu wake kwa jicho la fundi.

— Nimechonga miguu ya twiga mpaka nikapoteza hesabu. Myembamba, na hakuna hata mmoja uliokataa kusimama. Mnakumbuka Masila alivyokuwa akiipima? Anaweka twiga kwa meza, anapiga meza ngumi. Twiga akianguka, anarudishiwa mwenyewe.

— Uliangusha wengi, alisema Msasa.

— Niliangusha wengi. Lakini yule mtu alinifundisha kusimamisha kitu.

Msasa aligeuza uso, akajifanya anatafuta sukari. Alimwona Masila wazi kabisa, vumbi la mhugu kwenye nyusi, akija kwake na tembo ambaye hajasuguliwa na kumwambia, mke wangu, huyu mpe ngozi. Masila naye kidole kilimvimba hivi hivi, miaka hiyo ambayo hakuna aliyekuwa na jina la ugonjwa huo. Aliugua usiku mmoja kama mtu aliyeumwa na nge. Msasa alimchemshia dawa ya mama yake, na siku ya nne Masila alikuwa karakanani, anapiga meza. Ndiyo maana wanaume walipong'ang'ania chai zao, yeye hakubishana na mtu. Tangu wiki ya kwanza alikuwa akimletea Twiga dawa hiyo kila asubuhi, sufuria imefungwa kwa leso isipoe. Kila kikombe alichochotewa Twiga alikimaliza chote, akifumba macho kila mkupuo.

Na bado mguu haukushuka. Jambo hilo lilimkera Msasa kuliko alivyoonyesha. Dawa ya mama yake haikuwa imewahi kumtia aibu. Kwa hiyo kulikuwa na mtu.

— Sasa sikilizeni, alisema, akiacha birika. Huyu anakunywa dawa, na mguu unazidi. Kuna mtu hapa anamlisha nyama kwa siri. Redio, Jumapili ulipita kwake na mfuko.

— Ilikuwa ni ndizi!

— Ndizi zinanukia moshi?

— Zilikuwa za kuchoma, mwaitu, mama yangu, naapa.

— Simiti?

— Mimi? Mimi tangu Januari nakula mahindi ya muthokoi na maharagwe, hata mbwa wangu amehama.

— Twiga mwenyewe. Niangalie. Umekula nyama?

— Kasyoki, nyama naisikia tu ikichemka kwa jirani. Nataka kutembea kesho. Ndanu ameniambia, babu, nisipokuona langoni sitoki nyumbani. Unafikiri nitauza hiyo kwa mfupa?

Macho yake yalikuwa na maji kidogo. Hakuna aliyemtania.

Hapo ndipo alipotokea binti mmoja na begi begani, akiulizia miiko ya kupikia. Alijitambulisha kwa jina la Winfred, ni muuguzi, amehamia zahanati ya karibu mwezi huo. Alisalimia mmoja mmoja, akapewa nafasi kwenye kichwa cha kiboko, akapewa kahawa. Kisha akauona mguu.

— Nau, baba, umefanyaje?

— Gogo liliniangukia, alisema Twiga.

— Gauti, walisema wengine wote.

Winfred alichutama akagusa kwa mgongo wa kidole. Akauliza kama alirudi kwa daktari. Twiga akasema hapana, ana dawa za kienyeji. Winfred hakudharau. Alisema chai ya tangawizi haina neno, hata mchaichai, na maji mengi ni mazuri zaidi. Lakini wiki tatu ni nyingi, leo leo arudi akapewe vidonge, na akifika nyumbani aweke kitambaa cha maji baridi.

— Chakula je? aliuliza Winfred.

— Muthokoi, mboga, viazi, alijibu Redio kwa niaba ya mgonjwa.

— Nyama?

— Hata kidogo. Tumefanya uchunguzi sasa hivi.

— Sawa. Na hii dawa ya kienyeji, inachemshwa na nini?

Redio alimtazama Simiti. Simiti alimtazama Twiga. Wiki tatu walikuwa wamebishana juu ya tangawizi, siki, mlingoti na kuku, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza swali hilo.

— Ni mizizi ya mti wa mukenea, alisema Msasa. Imechemshwa vile inachemshwaga. Mume wangu ilimsimamisha siku ya nne.

— Mwaitu, usikasirike. Mguu wa hivyo mara nyingi hutulia wenyewe kwa siku kama hizo, mtu asipouchokoza.

Wenyewe! Msasa aliona damu ikimpanda kichwani. Mtoto wa juzi anamwambia Masila aliinuka mwenyewe, kana kwamba hakukesha, hakuchimba mizizi kwa mikono, hakuchochea kuni mpaka macho yakavimba kuliko kidole. Alivuta sufuria kutoka chini ya benchi, akafungua leso, akafunua kifuniko mbele ya wote.

— Hakuna haja ya kubishana. Njoo uone mizizi yenyewe.

Mvuke ulipanda. Redio, aliyekuwa karibu, alimeza mate bila kujua. Msasa alizamisha upawa mpaka chini, kule mizizi inakokaa, akauinua juu kwa majivuno.

Mizizi ilikuwepo, miwili. Juu ya mizizi ilikaa kwato ya mbuzi. Nyuma ya kwato lilining'inia pande la ini.

Hata ile tezo ya pili ilinyamaza.

— Mwaitu, alisema Winfred taratibu, hii ni supu.

— Ni dawa! Mizizi haichemshwi na maji matupu, huyo mama yangu angekucheka. Inachemshwa na kichwa na kwato. Na ini nimeweka leo tu, kwa sababu ya kesho, apate nguvu ya...

Aliishia hapo. Alisikia maneno yake mwenyewe yakimwangukia. Wiki tatu. Kila asubuhi. Akiwauliza wenzake habari za ndizi.

Simiti alivua kofia, akaishika kifuani kama yuko mazishini.

— Uchunguzi umekwisha, alisema Redio kwa sauti ya taarifa ya habari.

Msasa alimgeukia Twiga, upawa bado juu, mafuta yakidondoka kwenye leso.

— Na mimi nilikuwa nashangaa, alisema Twiga, mti gani huu mtamu hivi. Sikuuliza. Niliogopa ukiniambia nitaacha.

— Twiga, mguu wako... kesho...

— Kesho utanishika mkono wewe. Kutoka mlangoni mpaka langoni, mbele ya watu wa Ekalakala, na mdogo wangu na viatu vyake akituangalia. Wakiuliza huyu mama ni nani, nitawaambia ndiye aliyenivunja mguu. Sasa shusha huo upawa, Kasyoki, watu wa mitumba wamesimama wote wanatuangalia.

Na kweli, walikuwa wamesimama wote.