Celina Makandi, Mtangazaji Aliyesubiri Mama Aambiwe

Mchungaji, wazee wetu, kina mama, majirani wa Majimbo na nyinyi watu wa Meru mliotoka kwenu kukiwa na baridi ya kuogopesha ng'ombe, Bwana asifiwe. Mimi ni Kaberia, kitinda mimba wa Mzee Mwirigi, familia imenipa karatasi hii niisome jinsi ilivyo, na kwa kuwa wanajua kazi yangu ni kuchekesha watu jukwaani, wamemweka shemeji yangu hapa nyuma anivute koti nikipotea.

Marehemu Celina Makandi alizaliwa tarehe 9 Mei 1966 huko Nkubu, Meru, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Mwirigi na Mama Jerusha, ambaye tunamshukuru Mungu yuko nasi hapa mbele. Alianza shule ya msingi mwaka wa 1973, akamaliza sekondari mwaka wa 1985, na kuanzia 1986 hadi 1988 akasomea uandishi wa habari jijini Nairobi, akarudi na cheti pamoja na ugonjwa usio na dawa, ule wa kuthibitisha mambo, hata ukimwambia chai iko tayari atakuuliza kwanza kama umeionja.

Mwaka wa 1989 aliajiriwa na gazeti kama mwandishi wa Meru, na ofisi yake ilikuwa Makutano, juu ya bucha, watu walipanda kuleta habari wakashuka wamebeba matumbo. Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Mwalimu Naftaly Njura wa hapa Embu, wakafanya makao Majimbo, na Mungu akawajalia Wanjugu mwaka wa 1994 na Mwirigi mwaka wa 1997.

Mwaka wa 2004 alijiunga na kituo kimoja cha redio mjini Embu, ambacho sitakitaja kwa sababu kimetuma shada zuri la maua. Huko alikuta habari zimegeuka, mji ukikosa maji hakuna anayeuliza, lakini mwanamuziki akiachwa na mpenzi wake inasomwa kila saa, na Makandi alisoma, kwa sababu watoto walikuwa shuleni, ila alikataa kutaja msichana yeyote ambaye hajapigiwa simu kwanza, mpaka meneja akasema huyu mama anapika habari kwa mshumaa.

Jumamosi tarehe 16 Agosti 2008, Mugendi, mwimbaji wa Kiambere ambaye harusi bila wimbo wake ilionekana kama mkutano wa chifu, alifariki katika ajali ya barabarani akitoka kwenye tamasha, polisi wakathibitisha, na redio ya Makandi ikawa ya kwanza kujua. Meneja alitaka itangazwe hapo hapo, kabla ya kituo kingine. Makandi akauliza, "Mama yake ameambiwa?" Akajibiwa, "Madam, atasikia pamoja na wengine."

Sasa, Makandi alikuwa amewahi kumtembelea mama huyo, Ciakuthii, mjane mwenye mtoto huyo mmoja, na alijua kwamba redio yake ya jikoni haizimwi wala haihamishwi kutoka kituo hicho, kwa kungoja sauti ya mwanawe. Akampigia simu kaka yake mama huyo, akamwomba aende pamoja na kina mama wa kanisa, kisha akaketi kwenye maikrofoni akasoma bei ya maharagwe soko kwa soko, Siakago, Ishiara, Kiritiri, Runyenjes, akamaliza maharagwe akaingia kunde, akaingia pojo, meneja kule nyuma ya kioo akirusha mikono kama mtu aliyevamiwa na nyuki, kituo kingine kikatangaza, na yeye bado yuko kwa mtama. Kaka mtu alipopiga kusema wamefika, wamemwambia na wamemshika, ndipo Makandi akatangaza.

Jumatatu alitolewa kwenye taarifa ya habari akapelekwa kusoma matangazo ya vifo, wenzake wakambandika jina la Makandi wa Habari Baridi, na nisiwadanganye, lilimuuma, alilia, Mwalimu Njura ni shahidi. Lakini alibaki kwenye matangazo hayo hadi alipostaafu mwaka wa 2021, na hakusoma hata moja kabla ya kumuuliza aliyelileta kama watu wa nyumbani wamejua.

Mwezi wa Februari 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, akatibiwa Embu na Nairobi, na Ciakuthii alikuwa akija kutoka Kiambere na uji wa mtama, mmoja akiongea Kimbeere na mwingine Kimeru, wakisengenya wanamuziki, naam, hata Makandi. Alituacha alfajiri ya tarehe 3 Oktoba 2023.

Tulikaa tukiangaliana, nani atamwambia mama yetu kule Nkubu, na moyo wake ni dhaifu, mimi ninayelipwa kuongea nikajipa kazi ya kupanga viti. Ciakuthii akainuka, akajifunga leso, akasema twende Nkubu. Aliketi karibu na mama, akamshika mikono yote miwili, akamwambia, "Mama Makandi, nimekuja mwenyewe, kwa sababu siku yangu mtoto wako alihakikisha sikusikia nikiwa peke yangu." Mama alijua kabla hajamaliza, wakalia pamoja, na sisi wanaume tukatoka nje kukagua migomba ambayo haikuwa na shida yoyote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Majimbo mliopika na kukesha, wanahabari wenzake wa gazeti na wa redio, pamoja na yule meneja, ambaye leo amebeba jeneza bila kuombwa, na nyinyi vijana wenye simu mliokubali kungoja kabla ya kutuma picha.

Makandi wetu, mama ameambiwa, watoto wameambiwa, hata Kiambere wanajua, sasa ndipo tunatangaza kwamba umeondoka. Pumzika kwa amani, dada.