Kambale wa Ukweni

Nje ya mashine ya kukamua alizeti pale Ulemo, kiti cha nyuma cha Fuso lililokufa ndicho kijiwe, na asubuhi hiyo Melkiori hakuweza kukikalia. Alisimama, akakaa, akajikuna shingo, akasimama tena. Jana alikula kambale mkavu, midomo ikavimba na mwili ukamtoka mabaka. Na Jumamosi anatambulishwa ukweni, ambako mama mkwe amemtunzia kambale wa ziwa Kitangiri juu ya moshi tangu siku ya posa. Mkwe asiyekula alichotunziwa amekuja kutukana.

Gasto, mzee anayeitwa Dokta kwa sababu aliwahi kulazwa mwezi mzima, alishapitisha kwamba ni sumu. Sumu huvunjwa kwa maziwa, tena mgando wa kibuyu, na Melkiori alikuwa ameshameza kikombe kizima. Sasa hata masikio yalimwaka.

— Hiyo ndiyo inatoka, alisema Dokta. Dawa ya moto ni moto.

Noel, mzee mwenzake anayeitwa Kamati, hakukubali. Kwake kosa lilikuwa mafuta ya dukani. Kisha likawa minara ya simu, inayokausha samaki kwa ndani. Rahabu muuza kahawa alipomimina kikombe cha tatu, likawa mpenzi wa zamani wa mchumba wa Melkiori.

— Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wako alikunjwa mkavu. Hapo pana mkono wa mtu.

Muuguzi wa zahanati alishamwambia Melkiori, bila kutaja minara, kwamba kuna miili inayoshindwa vyakula vilivyokaa: samaki wa kukaushwa, mgando, pombe, kiporo. Ale kilichopikwa siku hiyohiyo. Lakini ataanzaje kusema hilo kiangazi, wakati kila nyumba inaishi kwa vilivyokaa? Mtoto wa mkulima, hali kiporo? Watasema ametoka mjini na tumbo jipya. Ndiyo maana alikuja kijiweni: kutafuta ugonjwa wenye heshima zaidi.

Mpaka hapo Dokta alishampiga marufuku nyanya na mlenda. Kamati akaongeza chumvi, na maji ya kisima cha ukweni.

Stumai, mchumba mwenyewe, akatokea na kapu.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti.

Aliitazama midomo ya Melkiori, kisha wazee.

— Mama kanituma sokoni. Jumamosi apike nini zaidi ya kambale?

Dokta akachungulia kikombe chake. Kamati akamwita Rahabu aongeze kahawa. Rahabu akainamisha birika, likatoa machicha.

Melkiori akakosa hata cha kuzibia mdomo.

— Kuku, alisema. Achinjwe nikishafika. Yule kambale siwezi, Stumai. Ananivimbisha.

— Mama atanuna.

— Najua.

— Heri anune leo, alisema Stumai, akaondoka na kapu lake.

Melkiori akakaa. Bado alijikuna, ila alikaa.

— Hata kizingiti hajavuka, alisema Dokta, ameshaagiza kuku.