Bia au Bastola: Bi Verlene Anaiacha Kamba Nyekundu

Bi Verlene Stubblefield anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye lango la Uwanja wa Maonyesho wa Kaunti ya Tolliver. Nimeombwa niandike machache kumhusu, na nimekubali kwa moyo wote, kwa sababu bila yeye huenda leo nisingekuwa mke wa mtu. Au ningekuwa, lakini si kwa raha hii!

Alianza kwa kukata tiketi za maonyesho ya nguruwe. Kaunti iliporuhusu bia kuuzwa kwenye Tamasha la Mapichi, wakubwa walikuna vichwa. Sheria ya jimbo letu inamruhusu mwenye kibali kuja tamashani na bastola yake, lakini si kuingia nayo palipo na pombe, na aliyekwisha kunywa haruhusiwi hata kuishika. Na hapa kwetu watu huvaa bastola kama wanavyovaa kofia. Ikionekana moja tu kwenye uwanja wa bia, leseni ya pombe inakwenda, na tamasha linakwenda nayo.

Bi Verlene akanunua kamba nyekundu. Akauzungushia uwanja wa bia, jukwaa la bendi likiwa ndani, akaweka nje kabati la visanduku vya chuma vyenye namba na kufuli, akavuta kiti akaketi. Tangu siku hiyo kila apitaye huulizwa swali lile lile, kwa tabasamu lile lile: "Bia au bastola, mpenzi?" Ukichagua bia, bastola inalala kisandukuni, na ukishaonja hurudishiwi mpaka kesho asubuhi. Ukichagua bastola, juisi ya limau ipo, baridi kabisa.

Jaji Oakley alijaribu mara moja. "Verlene, sheria hiyo mimi ndiye ninayeisoma mahakamani."

"Basi unaijua vizuri, Mheshimiwa. Kisanduku namba nne kiko wazi."

Jaji akaivua bastola, foleni nzima ikipiga makofi.

Yeye mwenyewe hajawahi kuivuka ile kamba bendi ikipiga. Ana bastola ndogo mkobani, zawadi ya harusi kutoka kwa marehemu mumewe, Hollis, na hajataka kuachana nayo hata saa moja. Kwa hiyo miaka yote amesikiliza muziki akiwa nyuma ya jukwaa. Nikiwaza hilo, machozi hunilenga.

Sasa niwaambie ya mwaka jana. Garland, wakati huo mpenzi wangu na sasa mume wangu (jamani, mume wangu!), alikuja amepanga kunivisha pete mbele ya jukwaa, bendi ikiwa imeshaambiwa. Mimi nilikuwa zamu ya tiketi, sijui lolote. Akaulizwa swali, akachagua bia, bastola ikaingia na ala yake kisanduku namba kumi na saba, akapiga mafunda mawili ya kujipa moyo. Ndipo akapauka. Pete alikuwa ameificha kwenye mfuko wa pembeni wa ala ya bastola! Garland hupoteza funguo, hupoteza kofia, hata gari amewahi kusahau alipoliegesha. Bastola tu ndiyo hajawahi kuipoteza, kwa hiyo hapo ndipo alipoona pako salama.

"Bi Verlene, nakuomba. Bastola siigusi, nataka kitu kidogo tu mle ndani."

"Umeonja, mwanangu?"

"Mafunda mawili."

"Basi kesho asubuhi."

"Kesho bendi haipo! Na wewe si unayo mkobani?"

"Ndiyo maana mimi niko huku na wewe uko huko. Kitu gani?"

Akamnong'oneza. Mkaguzi wa leseni alikuwa amesimama pale pale na sahani yake ya nyama, macho kwao. Bi Verlene hakumfungulia. Akaniita kwa sauti iliyofika mpaka zizi la ng'ombe: "Tansy! Umekunywa nini leo?"

"Juisi ya limau tu, Bi Verlene."

"Shika ufunguo, fungua kumi na saba. Bastola iache ilale. Kilicho kwenye mfuko wa pembeni ni chako."

Nikatoa kiboksi cha bluu. Kugeuka, Garland amepiga goti kwenye tope upande wa pili wa kamba, mikono mitupu. "Tansy, nilikuwa na hotuba," akasema, "lakini pete unayo wewe."

"Umechelewa," nikamwambia, "nimeshaivaa!"

Bendi ikapiga. Mkaguzi alilia kuliko mama mkwe wangu. Tulioana mwezi uliopita, na bado kila asubuhi namwangalia nacheka peke yangu.

Bi Verlene, asante kwa kutulinda bila kumwonea mtu, na kwa kutumia akili pale ambapo sheria haikupindika. Raha na afya viandamane nawe popote utakapokuwa. Tamasha la mwezi ujao kiti chako nitakikalia mimi, nawe utakuja kama mgeni. Tumekuwekea nafasi mbele kabisa ya jukwaa, na kisanduku namba kumi na saba nimekitandika kitambaa laini kwa ajili ya zawadi ya Hollis. Ufunguo utakaa shingoni mwangu, sitauvua.

Lakini kwanza utajibu kama sisi wote: bia au bastola, mpenzi?