Mzee Kasiani, Skuta, na Siti ya Nyuma

Mzee Kasiani Simkoko, tarishi wa zahanati yetu ya misheni hapa Tunduma, anastaafu leo, tarehe 30 Septemba 1957, baada ya utumishi wa miaka thelathini. Alianza kupeleka dawa Ivuna, kule bondeni kwenye chumvi, kwa miguu, sanduku kichwani. Baadaye akapewa baiskeli, na tangu mwaka 1951 amekuwa akipanda skuta ambayo wengi wenu mnaijua kwa mlio wake, na baadhi yenu mnaikimbia. Mimi, Osea, mtunza stoo, nimeombwa kuandika wasifu wake kwa sababu ndimi niliyekuwa nikimkabidhi mizigo. Nimeambiwa niandike ya kufurahisha. Nitajitahidi.

Skuta hiyo aliinunua kwa akiba yake mwenyewe kutoka kwa Anastazia wa Ndalambo. Mume wa mama huyo, Lusungu, alikuwa mfanyabiashara wa chumvi, na mtu wa kwanza pande zile kumiliki chombo cha namna hiyo. Masika moja, akirudi kutoka Ivuna, alikuta korongo lililo chini ya mlima limejaa maji. Akafanya wafanyavyo wote wanaoijua njia ile: akaisimamisha skuta kwa stendi, akafunga koki ya petroli, akavua viatu, akaingia kupima kina kwa miguu. Wapita njia waliikuta skuta palepale, viatu vimepangwa mbele ya siti. Lusungu hakuonekana tena, si mzima si maiti.

Hapo ndipo matanga yalipokwama. Wazee wa ukoo wake walisema hayaondolewi mpaka mwenyewe afike nyumbani, japo mfupa mmoja. Wakaongeza mwiko wa pili: chombo chake kikishauzwa kisirudi uani kabla matanga hayajaondolewa. Anastazia akabaki na kaniki yake ya msiba mwaka baada ya mwaka, haendi harusini, haimbi kanisani, hagusi shamba la mumewe. Mzee Kasiani, mtu wa adabu, aliahidi kwamba gurudumu lile halitakanyaga ua ule. Kila aliporudi kutoka Ivuna aliipita njia panda ya kwa Anastazia, akatazama mbele.

Skuta aliitunza kama watu wanavyotunza ng'ombe wa maziwa. Petroli na oili alichanganya mwenyewe mlangoni mwa stoo, akilitikisa debe huku akiimba tenzi. Akitoka Ivuna aliiosha chumvi kabla hajanawa uso wake. Waya wa klachi alikuwa na wa akiba daima, ulionunuliwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Siku moja alitaka kunifundisha gia zake, ambazo ni za mkono wa kushoto: unabana klachi, unazungusha mpini, unaachia polepole. Mimi niliachia upesi. Skuta iliruka kama mbuzi aliyekanyagwa, nami nikatua kwenye mihogo ya mganga mkuu, ambaye hadi leo ananidai shina moja.

Mambo ya siti ya nyuma yalianza mapema. Fundi Fanueli, anayetengeneza baiskeli karibu na mpaka, alimuuliza mzee anampakia nani, maana tairi la nyuma lilikuwa linalika ovyo na springi imelala. Mzee alikuwa hapakii mtu. Mkewe, Sekela, alikataa katakata kukalia chombo cha watu, na masanduku ya dawa mzee huyafunga mbele, kwenye ubao wa miguu. Mzee akabadilisha springi. Ikalala tena. Pale korongoni, Marita, mchemsha chumvi mwenye kibanda ukingoni, humletea togwa kila anaporudi, vikombe viwili. Mzee, akidhani ni ukarimu, alikuwa akivinywa vyote.

Na kila safari ya kurudi, skuta ilizima njia panda ya Ndalambo. Alisafisha plagi kwa msasa, akapuliza kabureta, akabadilisha petroli. Haikusaidia. Akiisukuma kidogo kuipita ile njia panda, iliwaka, tena nyepesi. Watu walisema mengi, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi nilisema ni petroli chafu.

Oktoba ya mwaka juzi nilikwenda Ivuna kukagua dawa, nikarudi nimepakiwa. Korongo lilikuwa mchanga mtupu. Marita alileta vikombe vitatu, nami nikamcheka. Tulipoanza kupanda mlima nilijikuta nasukumwa kwa nyuma hadi kifua changu kikabanana na mgongo wa mzee, kama tumekaa watatu. Nikajiambia ni mashimo ya barabara. Njia panda skuta ikazima, nikashuka, na upepo ukanipiga mgongoni. Shati langu lilikuwa limelowa nyuma, toka mabegani hadi kiunoni, na lilinuka tope la mto. Mimi ni mzee wa kanisa, lakini sioni haya kusema niliogopa. Nilidandia lori la chumvi nikamwacha mzee na plagi zake.

Safari yake ya mwisho ilikuwa mwanzoni mwa mwezi huu. Alituomba mimi na Sekela tumsubiri njia panda, kwa kuwa alitaka mashahidi. Alikuja mchana kweupe, gia ya kwanza, springi imelala. Skuta ikazima palepale. Safari hii hakufungua plagi. Alikaa juu yake, kofia mkononi, kisha akatuambia kwamba miaka yote hii amekuwa akitengeneza chombo kizima, kumbe abiria anashushwa mahali sipo. Akageuza usukani kuelekea kwa Anastazia, akapiga kiki mara moja. Ikawaka.

Tulimfuata kwa miguu. Mzee mmoja wa ukoo alisimama kwenye lango la ua na kumkumbusha mwiko. Mzee Kasiani, ambaye sijapata kumsikia akibishana na mkubwa wake, alimjibu kwa upole kwamba mwiko umetunzwa vya kutosha na mjane anazeekea kwenye kaniki. Tena yeye ni tarishi, na hajawahi kurudi ofisini na mzigo wa mtu. Yule mzee akaitazama siti ya nyuma, akapisha.

Anastazia alitoka jikoni. Hakumtazama Mzee Kasiani, alitazama nyuma ya bega lake. Alijiziba mdomo kwa mkono. Kisha akaanza kugomba kwa Kinamwanga, kama mke yeyote aliyecheleweshwa na mume: kwamba chakula kimepoa, kwamba ataugua na nguo zile mbichi, kwamba aingie ndani akabadilishe. Springi ikalia. Siti ikainuka yenyewe. Vumbini, kutoka gurudumu la nyuma hadi mlangoni, kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, zenye maji. Nimeziona kwa macho yangu. Sekela alilia, nami nikalia pia.

Matanga yaliondolewa Jumapili iliyofuata. Anastazia aliimba kanisani, na shamba la mumewe limeshafyekwa likingoja mvua. Yonasi, anayerithi kazi ya mzee, alikwenda Ivuna wiki iliyopita kwa baiskeli. Marita alimpa kikombe kimoja cha togwa, akauliza kama yule mwingine naye amestaafu.

Mzee Kasiani, tunakushukuru kwa dawa zilizofika, na kwa kila ulichokifikisha. Jana jioni nilimwona Mama Sekela akipanda skuta yako kwa mara ya kwanza. Aliipapasa siti ya nyuma, akakitazama kiganja chake, akakaa. Tunawatakieni nyote wawili maisha mema, barabara njema, na siti kavu.